Nyuzi Nne au Tano? Historia ya Gitaa la Besi katika Majukwaa ya Kasese na Bwera

Utangulizi

Wapiga besi vijana wa Kasese wana mjadala mmoja usiokwisha. Ukiwa na fedha za kununua gitaa moja tu la kupigia jukwaani, ununue la nyuzi nne au la nyuzi tano? Walio upande wa nyuzi tano husema kwamba nyuzi nne ni mambo ya wazee. Walio upande wa nyuzi nne hujibu kwamba uzi wa tano ni mapambo tu. Mjadala huu huonekana kuwa wa vijiweni, na sijawahi kuusikia katika darasa la historia. Hata hivyo, ndani yake mna historia ya shaba, ya umeme, ya mpaka wa Kongo, ya bendi na ya makanisa. Mna riziki pia, kwa sababu mpiga besi ambaye sauti yake haikusikika harusini haitwi mara ya pili.

Hoja ya insha hii ni kwamba kila aina ya besi ilibuniwa ili kutatua tatizo la mahali na wakati fulani, na kwamba kwa miaka mingi aliyechagua besi hakuwa mpigaji bali mwenye vyombo. Kizazi chetu kimeanza kumiliki magitaa yake chenyewe, na ndiyo maana swali la kuchagua limekuwa zito. Haliwezi kujibiwa kwa kulitazama gitaa peke yake. Ni lazima tutazame pia umeme, spika, waimbaji na barabara. Nitaeleza kwanza besi ilivyokuwa kabla ya gitaa la besi, kisha ilivyozaliwa na kufika kwetu, na mwisho nitarudi kwenye uchaguzi wenyewe.

Sauti nzito kabla ya gitaa la besi

Si kweli kwamba watu wa milima ya Rwenzori walifundishwa sauti nzito na gitaa. Bakonzo wana endara, marimba kubwa ya vipande vya mbao vinavyolazwa juu ya magogo ya mgomba na kupigwa na watu kadhaa kwa pamoja. Vipande virefu hutoa sauti nzito, na vifupi hutoa sauti nyembamba. Kila mpigaji ana sehemu yake, na wimbo hukamilika pale tu sehemu hizo zinaposhikana. Aliyewahi kusikiliza endara hahitaji maelezo marefu kuelewa kazi ya besi katika bendi: yeye hapigi wimbo wote, bali hupiga kile ambacho wengine wote hukanyagia.

Gitaa la kawaida lilipoenea Afrika ya Mashariki na Kongo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, sauti nzito ilikuwa kazi ya kidole gumba. Mfano mzuri ni Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Mwenda aliimba kwa Kiswahili huku kidole gumba kikipiga nyuzi za chini na kidole cha shahada kikichezea nyuzi za juu. Mtu mmoja alikuwa mpiga besi, mpiga solo na mwimbaji. Mtindo huo ulifaa barazani na kilabuni, mahali ambapo wasikilizaji walikuwa wachache na walikaa karibu.

Ukumbi wa dansi ulileta tatizo jipya. Watu mia mbili wakicheza, kidole gumba hakisikiki. Bendi za Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, zilitumia kontrabasi, ala ndefu kama mtu mzima ambayo hupigwa kwa kusimama. Kontrabasi ilikuwa na sauti tamu lakini kasoro zake zilijulikana dunia nzima. Ilikuwa kubwa mno kusafirishwa, ilivunjika kwa urahisi, na tarumbeta zikianza kulia ilimezwa.

Kutoka Fullerton hadi Kinshasa

Jibu la tatizo hilo lilitoka katika karakana ya Leo Fender, mjini Fullerton, jimbo la California. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la umeme aliloliita Precision Bass. Lilikuwa na nyuzi nne zilizopangwa kama za kontrabasi, E, A, D na G, lakini mwili wake ulikuwa ubao mzima, na uzi ulipimwa inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Shingoni liliwekewa vyuma vinavyoonyesha mahali pa kubonyeza ili sauti itoke sawasawa, na ndiyo asili ya jina lake. Mwanamuziki aliweza kulibeba begani na kusikika mbele ya tarumbeta.

Mabadiliko mawili yaliyofuata yana uzito hadi leo katika majukwaa yetu. Mwaka 1957 Fender aligawa pikapu ya Precision, yaani sumaku yenye waya inayonasa mtetemo wa nyuzi, ikawa vipande viwili vinavyofuta mngurumo wa umeme. Mwaka 1960 alitoa Jazz Bass, yenye shingo nyembamba zaidi na pikapu mbili. Pikapu hizo mbili zikifunguliwa sawa, mngurumo hufutika. Ukipunguza moja, mngurumo hurudi. Msomaji aikumbuke tofauti hii tutakapofika kwenye jenereta.

Kongo haikuchelewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpiga gitaa wa Kibelgiji, Bill Alexandre, alikuwa amefika Léopoldville na gitaa la umeme. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianzishwa mwaka 1953, na OK Jazz, ambayo baadaye iliongozwa na Franco, ilianzishwa mwaka 1956. Katika bendi hizi na zilizofuata, gitaa la besi lilichukua nafasi ya kontrabasi, na wapigaji wakaacha kuiiga kontrabasi. Katika sebene, sehemu ambayo waimbaji hunyamaza na magitaa hushika usukani, besi huruka na kuacha nafasi tupu kwa makusudi, kisha hurudi mahali ambapo mchezaji hakuitarajia. Mpudi Zinga, aliyejulikana kama Decca, wa TPOK Jazz, ni kati ya waliofanya kazi hiyo kwa ufundi mkubwa. Besi ya namna hii hudai noti fupi na safi kuliko noti ya chini kabisa. Hilo nalo tulikumbuke.

Shaba, reli na umeme

Gitaa la besi la umeme bila umeme ni ubao. Kwa hiyo historia yake katika wilaya yetu ni lazima ipite Kilembe. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika Kasese ili kubeba shaba ya mgodi wa Kilembe, na mgodi ulipata umeme kutoka kituo kilichojengwa katika Mto Mubuku. Kasese ikawa mji wa watu wenye mishahara, waliotoka sehemu mbalimbali, wenye mwisho wa mwezi na wenye jioni za Jumamosi. Hayo ndiyo mazingira ambayo bendi ya dansi huhitaji popote: umeme, mshahara na usiku wa mapumziko.

Bwera, kilomita kama 50 kutoka mji wa Kasese kuelekea mpakani, haikuwa na mgodi. Ilikuwa na kahawa, pamba, soko na mpaka. Mahali ambapo waya za umeme hazijafika, muziki wa vyombo hutegemea jenereta, na jenereta ina tabia zake. Umeme wake hupanda na kushuka. Mara nyingi haujaunganishwa na ardhi ipasavyo, na kwa hiyo vyombo hunguruma. Hapa ndipo tofauti ya 1957 na 1960 inapokuwa na maana. Besi yenye pikapu ya Precision, au nakala yake ya bei nafuu, hukaa kimya katikati ya nyimbo. Nakala ya Jazz Bass iliyofungwa pikapu moja hunguruma kama nyuki ndani ya mzinga. Katika studio yenye umeme safi tofauti hiyo ni ndogo, lakini katika uwanja wa shule Bwera kila mgeni huisikia.

Mpaka na njia ya mashariki

Mpondwe kwa upande wa Uganda na Kasindi kwa upande wa Kongo zinatazamana. Bakonzo wa huku na Banande wa kule ni watu wa lugha moja kwa karibu, na harusi, misiba na biashara huvuka mpaka kila siku. Kwa hiyo muziki wa Kongo haukuwa muziki wa kigeni Bwera. Ulikuwa muziki wa shemeji.

Miaka ya 1970 iliongeza uzito wa mpaka huo. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwafukuza Waasia, na biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje, iliyokuwa mikononi mwao kwa kiasi kikubwa, ikaporomoka. Magendo yakawa njia ya kuishi, na kahawa ya Rwenzori ikavuka kwenda Zaire. Wakati huohuo milima ilikuwa bado katika mapambano ya Rwenzururu, yaliyoanza mwaka 1962 na kufikia makubaliano mwaka 1982. Mgodi wa Kilembe nao ulidhoofika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji wa shaba ukasimama. Mji uliokuwa na mishahara ukapoteza mishahara.

Wanamuziki wa Kongo walipita Uganda wakielekea Nairobi, kwenye studio na kumbi zaidi. Samba Mapangala ni mfano mmoja: alipiga muziki Uganda na kundi la Les Kinois kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1977, na baadaye akaunda Orchestra Virunga. Kampala yenyewe ilipata Afrigo Band mwaka 1975, katikati ya shida zote za utawala wa Amin. Kwa kijana wa Kasese au Bwera, redio na kanda zilikuwa shule. Alichojifunza humo kilikuwa besi ya nyuzi nne, yenye noti fupi na inayoruka. Sikio letu lilifundishwa na besi hiyo, na hata wanaoiita ya wazee leo hucheza kwa mapigo yake.

Vyombo ni vya nani?

Jambo ambalo wapenzi wa muziki hulisahau ni kwamba wapigaji wengi wa zama hizo hawakumiliki magitaa waliyoyafanya kuwa maarufu. Tanzania inatupa mifano iliyo wazi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ilikuja kuwa mali ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Katika bendi za watu binafsi, kule na Kongo, vyombo vilikuwa vya tajiri au vya kiongozi. Mwanamuziki aliyehama bendi aliondoka na vidole vyake tu.

Katika mfumo huo swali la mpigaji, "nichague besi gani?", halikuwa na mahali. Alipiga iliyokuwepo. Mwenye vyombo alichagua kwa kutazama bei, kudumu kwa chombo na alichoona kwa bendi pinzani. Mpigaji aliyeondolewa bendini aliondolewa pia kwenye kazi yake, kwa sababu hakuwa na chombo cha kufanyia mazoezi wala cha kuombea kazi kwingine.

Makanisa yaliyokua kwa kasi Uganda baada ya mwaka 1986 yalibadili mwenye vyombo, lakini hayakubadili mfumo. Kanisa ndilo lililonunua kibodi, ngoma na besi, na mtoto wa kanisa akajifunza juu ya besi hiyo. Wapigaji wengi wa rika langu, nami nikiwemo, tulianzia hapo. Ni shule nzuri na haina ada. Lakini gitaa hubaki kanisani, na kijana anayeitwa kupiga harusini Jumamosi hulazimika kuomba.

Kilichobadili hali ni bei. Nakala za magitaa ya Marekani zilianza kutengenezwa kwa wingi Japani katika miaka ya 1970, kisha viwanda vikahamia Korea, Indonesia na China. Besi ambayo zamani ilinunuliwa na shirika sasa hununuliwa na mtu mmoja aliyeuza kahawa yake ya msimu au aliyeendesha bodaboda mwaka mzima. Ndipo mjadala wa nyuzi nne na tano ulipopata maana. Mtu hujadili kuchagua pale anapokuwa na uwezo wa kukosea kwa fedha zake mwenyewe.

Uzi wa tano ulitoka wapi?

Besi ya nyuzi tano yenye uzi mzito wa B ilitengenezwa Marekani mwaka 1976, na viwanda vikubwa viliichukua katika miaka ya 1980. Sababu kubwa ya kuenea kwake ilikuwa kibodi. Kibodi za umeme zilianza kupiga noti za chini ambazo besi ya nyuzi nne haikuzifikia, na mpiga besi akajikuta juu ya mtu aliyepaswa kumbeba.

Sababu hiyo ipo kanisani kwetu. Mwimbaji wa sifa huchagua ufunguo unaofaa koo lake, na mpiga kibodi hubonyeza kitufe akahamisha kila kitu. Wimbo ukiwa katika C au D, mpiga besi wa nyuzi nne ana njia mbili: apige juu zaidi, au alegeze uzi wa E kabla ya wimbo kuanza. Mwenye nyuzi tano hushuka tu. Kwa hiyo wanaosema uzi wa tano ni mapambo hawasemi kweli. Ulitatua tatizo halisi.

Lakini uzi wa B hutetema mara 31 hivi kwa sekunde, ilhali E hutetema mara 41. Maboksi mengi ya spika yanayokodishwa kwa harusi yametengenezwa kwa sauti ya mshereheshaji na nyimbo za DJ, na hayawezi kutoa vizuri sauti ya mitetemo 31. Kinachosikika ni mtikisiko wa boksi, wala si noti. Mpigaji huona vidole vyake vikifanya kazi, lakini mchezaji aliye uwanjani hapati kitu cha kukanyagia.

Kuchagua kwa ajili ya jukwaa la leo

Historia hii inatupa maswali manne ya kuuliza kabla ya kuchagua besi ya kupanda nayo jukwaani.

La kwanza ni umeme. Jenereta inahitaji besi isiyonguruma, yaani pikapu iliyogawanywa au pikapu mbili zinazofunguliwa sawa.

La pili ni njia ya sauti. Katika sherehe nyingi mpiga besi hana amplifaya yake, na waya wake huchomekwa moja kwa moja kwenye mikisa. Besi isiyo na betri hutoa sauti hafifu na butu ikichomekwa hivyo. Besi yenye saketi ya betri, aina iliyopata umaarufu kupitia StingRay ya mwaka 1976, hutoa sauti yenye nguvu zaidi. Hata hivyo, betri yake ya volti 9 huendelea kuisha kila waya unapokuwa umechomekwa, na ikiisha katikati ya kumwingiza bibi harusi, besi nyingi za aina hiyo hunyamaza kabisa. Suluhisho la bei nafuu ni besi isiyo na betri pamoja na kiboksi cha DI, kinachoiandaa sauti kabla ya kuingia mikisa. Anayependelea betri awe na nyingine mfukoni.

La tatu ni wimbo. Anayepiga rumba na nyimbo za sebene kwenye harusi za Bwera anatosheka na nyuzi nne, kwa kuwa mtindo huo ulijengwa juu yake. Anayepiga kanisani Kasese, penye spika kubwa za chini na waimbaji wanaobadili ufunguo kila wimbo, ana sababu ya kutaka tano.

La nne ni barabara na duka. Besi hubebwa mgongoni juu ya bodaboda, kwenye vumbi na mvua ya ghafla. Shingo hupinda kwa mabadiliko ya hewa kati ya joto la Kasese na baridi ya milimani, na nyuzi huzeeka. Nyuzi nne ni rahisi kupatikana na kubadilishwa kuliko tano, na wengi wetu huzichemsha ili kuzirudishia uhai kabla ya kufikiria kununua mpya. Chombo kisichoweza kutengenezwa karibu ni chombo cha kuazima, hata kama umekinunua.

Kwa maswali hayo manne, maoni yangu ni kwamba mpigaji wa Kasese na Bwera mwenye uwezo wa kununua besi moja tu anunue ya nyuzi nne, isiyo na betri, yenye pikapu ya aina ya Precision, na akiba yake ya kwanza iende kwenye kiboksi cha DI. Uzi wa tano aufuate atakapopata jukwaa lenye spika za kuubeba.

Hitimisho

Tumeona kwamba Precision ilijibu tatizo la ukumbi wenye kelele, kwamba uzi wa tano ulijibu tatizo la kibodi, na kwamba shaba ya Kilembe, mpaka wa Mpondwe na makanisa ndivyo vilivyoamua nani apige nini katika wilaya yetu. Wanaobishana kuhusu nyuzi nne na tano kwa kawaida hubishana kuhusu uzuri wa gitaa. Ubishi wenye maana zaidi ni kuhusu mahali litakapopigwa na mtu atakayelimiliki.

Suala la umiliki ndilo ninalotaka wanahistoria wenzangu walichukue kwa uzito. Tunaandika majina ya bendi na waimbaji, lakini ni mara chache tunaandika gitaa lilikuwa la nani, lilinunuliwa kwa fedha gani, na mpigaji alibaki na nini siku alipoacha bendi. Wapo wazee Kasese na Bwera waliopiga besi miaka mingi na leo hawana hata uzi mmoja nyumbani. Maswali hayo wangeweza kuyajibu wao wenyewe, na muda wa kuwauliza si mrefu. Kijana anayenunua besi yake leo, iwe ya nyuzi nne au tano, anapata kitu ambacho wengi wao hawakukipata: chombo atakachorudi nacho nyumbani baada ya onyesho.